Nishani ya marehemu: na makocha je?

Jumatatu ya Mashujaa, 20 Oktoba 2025, tulikuwa Buna, hotelini kando ya barabara iendayo Moyale, chai ya maziwa ya ngamia mezani na redio dirishani. Kutoka Kitui, Rais William Ruto alitangaza kwamba Raila Odinga, aliyezikwa Bondo siku moja tu kabla, ametunukiwa CGH, nishani ya juu kabisa ya taifa. Hakuna aliyepinga. Ubishi ulianza pale mwalimu mmoja mstaafu, aliyefunza watoto wa Wajir Kaskazini soka kwa miaka mingi na filimbi akajinunulia mwenyewe, alipoweka kikombe chini na kuuliza: na makocha je?

Nitamwita Mwalimu. Si maalim, maana kwetu huku maalim ni wa madrasa. Hoja yake ilikuwa nyepesi. Serikali imeonyesha inaweza kumvisha marehemu nishani. Basi mbona haijawakumbuka watu waliosimama kando ya mstari wa uwanja, wakatukanwa wiki nzima, halafu kombe likija wanasiasa wakapiga nalo picha?

Kijana mmoja akamkata kauli: maiti hali nishani. Mwalimu akamjibu kwa jina ambalo halihitaji maelezo Kaskazini Mashariki: Salah Farah.

Farah alikuwa naibu mwalimu mkuu wa shule ya msingi huko Mandera. Desemba 2015 alikuwa ndani ya basi lililovamiwa na al-Shabaab, Waislamu wakatakiwa wajitenge na Wakristo. Wakakataa. Alipigwa risasi, akalazwa Nairobi, akafariki Januari 2016. Haikupita hata miezi mitatu, Rais Uhuru Kenyatta akamtunuku nishani ya OGW akiwa kaburini. Mwalimu anasema siku ile ndipo watu wengi wa huku walipojua kwamba nishani inaweza kuvuka mto Tana. Kwa hiyo asiambiwe kuwa sheria ni ngumu, au kwamba kamati inachukua muda.

Ugumu huo, kwa kweli, ni wa Waingereza. Kwao cheo cha Sir hapewi marehemu. Alf Ramsey alikipata 1967, mwaka mmoja baada ya kuwapa Kombe la Dunia. Bob Paisley, aliyeipa Liverpool makombe matatu ya Ulaya, 1977, 1978 na 1981, alifariki 1996 bila kuitwa Sir, na mashabiki wake wanalalama mpaka leo. Sisi tulirithi kwao mengi, lakini hili hatukulirithi. Tuna sheria yetu ya nishani za kitaifa ya 2013 na sheria ya mashujaa ya 2014. Mlango uko wazi.

Historia yenyewe ya makocha wa timu ya taifa, Harambee Stars, inajulikana, sina haja ya kuirefusha. Marshall Mulwa alitwaa Kombe la CECAFA mara tatu mfululizo: Dar es Salaam 1981, Kampala 1982, Nairobi 1983. Huku kwetu kumbukumbu ya kombe lile la tatu ilifunikwa upesi. Kabla miezi mitatu haijatimia, Februari 1984, wanaume wa Kidegodia walikusanywa kwenye uwanja wa ndege wa Wagalla, na mauaji yaliyofuata kila nyumba ya Wajir inayajua. Ukizungumza na mtu wa Buna juu ya serikali na heshima za wafu, usishangae akinyamaza kidogo kabla ya kukujibu.

Lakini moyo wa Mwalimu uko kwa Mjerumani. Reinhard Fabisch alikuja Kenya 1987, mwaka ambao Kasarani ilifunguliwa na Nairobi ikaandaa Michezo ya Afrika. Mwalimu alifuatilia mechi kwenye Sauti ya Kenya, redio ikiwa imefungwa kwenye mti wa mgunga ili ishike mawimbi. Hali ya hatari iliyotangazwa huku Desemba 1963 ilikuwa bado haijaondolewa. Iliondolewa 1991. Yaani vijana waliokuwa wakisimamishwa na kuulizwa vitambulisho kila kizuizi walikusanyika chini ya mgunga ule kuishangilia timu ya nchi hiyohiyo. Kenya ilifika fainali, ikafungwa na Misri bao 1-0. Ikabaki na medali ya fedha, na Mwalimu hadi leo anakunja uso ukimtajia Misri, kana kwamba bao liliingia jana.

Fabisch akaondoka. Miaka sita baadaye akakutana na Misri tena, na hapa ndipo Mwalimu huvuta kiti.

Ilikuwa Cairo, Februari 1993. Mjerumani sasa alikuwa kocha wa Zimbabwe, ile timu waliyoibandika jina Dream Team, Bruce Grobbelaar golini na kijana Peter Ndlovu mbele. Zimbabwe walihitaji sare tu ili wasonge mbele kwenye mchujo wa Kombe la Dunia la Marekani. Uwanja ulijaa pomoni. Mawe yakaanza kuruka kutoka majukwaani, na moja likampata Fabisch kichwani. Mwalimu, akisimulia, hushika paji la uso wake mwenyewe kwa kiganja, kisha huzungusha kidole kichwani mara tatu kuonyesha bandeji ilivyofungwa. Mechi iliendelea. Misri wakashinda 2-1.

Mtu mwingine angekubali yaishe. Zimbabwe wakakata rufaa, na kocha aliyefungwa bandeji akawa ushahidi unaotembea. FIFA ikafuta matokeo na kuamuru mechi irudiwe nje ya Afrika kabisa, Lyon, Ufaransa. Aprili ile wakatoka 0-0, na Misri wakarudi nyumbani. Zimbabwe walikuja kukwamishwa na Cameroon kwenye hatua ya mwisho, lakini hilo Mwalimu hulipitia harakaharaka. Kwake yeye, Lyon ndiyo iliyolipa deni la Kasarani 1987. Nilimkumbusha kwamba waliolipa ni Wazimbabwe. Akanitazama kama mtoto aliyekosea sura ya Kurani.

Fabisch alirudi Kenya kuifundisha timu ya taifa, akaitwa na kuachwa kama tunavyowafanyia makocha wote. Alifariki Julai 2008 kwao Ujerumani, kwa saratani, akiwa na umri wa miaka 57. Nimetembea Kasarani mara kadhaa tangu hapo, sijaona jukwaa wala mlango wenye jina lake. Najua kuna watakaosema nishani ni ya Mkenya, Mzungu ana kwao. Mimi naona mtu aliyekuja mara ya kwanza kwa mkataba na mara nyingine kwa mapenzi hana haja ya kuulizwa kitambulisho.

Na Wakenya wenyewe? Joe Kadenge, ambaye mtangazaji Leonard Mambo Mbotela alimfanya msemo redioni, alicheza, akafundisha, akaiongoza pia timu ya taifa, kisha akaendesha teksi Nairobi. Alipofariki Julai 2019 akiwa na miaka 84, viongozi walipanga foleni kutoa rambirambi, na kaunti ya Nairobi ikatangaza kuupa uwanja wa City jina lake. Ni jambo jema. Ila abiria wake wa teksi wangeweza kutuambia lini heshima ile ilihitajika zaidi.

Zambia walifanya tofauti, japo kwa sababu isiyotamanika. Usiku wa 27 Aprili 1993, siku chache tu baada ya ile mechi ya Lyon, ndege ya jeshi iliyobeba timu yao ilianguka baharini karibu na Libreville. Wote 30 waliokuwamo walikufa, akiwemo kocha Godfrey Chitalu na msaidizi wake Alex Chola. Taifa liliwazika kwa mazishi ya kiserikali, pamoja, kando ya Uwanja wa Independence mjini Lusaka, mahali panapoitwa Heroes' Acre. Kocha yuko hapo katikati ya vijana wake. Hakuna aliyeuliza kama cheo cha kocha kinatosha.

Siku hizi fedha zinawahi kuliko nishani. Kwenye CHAN ya Agosti 2025, Rais aliahidi kila mchezaji shilingi milioni moja kwa kila ushindi, na vijana wa kocha Benni McCarthy wakaifunga DR Kongo, Morocco na Zambia kabla ya Madagascar kuwatoa kwa penalti. AFCON 2027 inakuja kwetu, Uganda na Tanzania. Uwanja mpya wa Talanta, Nairobi, umetangazwa kupewa jina la Raila. Raila aliupenda mpira, hilo halina ubishi. Lakini viwanja vyetu tukivihesabu, Nyayo, Moi, sasa Raila, unaona wazi tunamkumbuka nani tukishika kipaza sauti.

Nilimuuliza Mwalimu angeanza na nani, kama angekuwa kwenye kamati. Nilitarajia aseme Fabisch. Akasema orodha ianze na walio hai, waitwe Ikulu wakiwa bado wanaweza kupanda ngazi, halafu Mjerumani afuate. Redio ilikuwa imeshahamia taarab. Nje, kwenye uwanja wa mchanga, vijana walikuwa wakigombania mpira uliopasuka mshono, na mmoja wao akamwita kwa sauti: hawana refa. Mwalimu akatoa filimbi mfukoni, akaifuta kwa ncha ya kikoi, akatoka.