Upimaji wa mapendeleo (usonji)

Upimaji wa mapendeleo ni njia ya kutambua vitu au shughuli anazozipenda mtoto mwenye usonji, hasa asiyesema, ili zitumike kumfundishia. Kumuuliza mzazi husaidia, lakini hakutoshi. Nchini Marekani, Gary Pace na wenzake (1985) walimwonyesha mtoto kitu kimoja kimoja. Wayne Fisher na wenzake (1992) walionyesha viwili viwili. Iser DeLeon na Brian Iwata (1996) walipanga kadhaa kwa safu, na kilichochaguliwa hakirudishwi.

Kinachopendwa si lazima kiwe kiimarishi. Kitu hustahili jina hilo pale tu tabia inayofundishwa inapoongezeka kwa sababu mtoto hukipata baada ya kuifanya.

Kenya ilianzisha vituo vya kupima mahitaji ya kielimu ya watoto wenye ulemavu mwaka 1984. Lakini kupima mapendeleo darasani, kwa mwalimu wa Kibwezi, Kaunti ya Makueni, hakuhitaji vifaa ghali: kijiko cha asali, ambayo mji huo unasifika kwayo, kipande cha embe, mpira wa makaratasi, bembea. Mabuyu yatolewe kwa uangalifu, kwani mbegu zaweza kumkaba mtoto. Mapendeleo hubadilika, hivyo upimaji hurudiwa mara kwa mara.