Karani Mwenye Biashara Yake: Somo Kutoka Kampuni ya India Mashariki

Matangazo ya kazi ya siku hizi hayakosi sharti moja: mwombaji awe na moyo wa ujasiriamali. Kampuni inayokua inamtaka mtu anayeiona fursa kabla ya kuelekezwa na anayethubutu bila kusubiri amri. Matakwa hayo si mabaya. Hata hivyo, ni waajiri wachache wanaojiuliza swali linalofuata: fursa atakayoiona mtu huyo ataitumia kwa faida ya nani, na kwa nguvu ya nani?

Swali hili ni la kale. Kampuni ya Waingereza ya India Mashariki, iliyoanzishwa mwaka 1600, iliajiri vijana kwa cheo cha karani kwa mshahara wa pauni 5 kwa mwaka. Hakuna aliyevuka bahari kwa ajili ya fedha hizo. Kilichowavuta ni ruhusa. Kampuni ilijiwekea biashara baina ya Asia na Ulaya, na katika karne ya 17 ikawaachia watumishi wake kufanya biashara binafsi baina ya bandari za Asia zenyewe. Washindani wao Waholanzi, ambao kampuni yao iliundwa mwaka 1602, walipiga marufuku biashara ya namna hiyo, na matokeo yake watumishi wao wakaifanya kwa magendo.

Kwa muda mrefu Waingereza walifaidika na mpango huo. Mtumishi aliyetafuta riziki yake alirudi na habari za bei, za masoko mapya na za wafanyabiashara wa kuaminika, na habari hizo zikaifaa Kampuni pia. Merikebu yake ikizama, hasara ilikuwa yake mwenyewe. Sokoni alikutana na wafanyabiashara wa Kigujarati na Kiarmenia waliomzidi uzoefu, na ilimbidi ashindane nao.

Mambo yaligeuka Kampuni ilipopata dola. Robert Clive, aliyefika Madras mwaka 1744 akiwa karani, aliongoza ushindi wa Plassey mwaka 1757, na mtawala mpya wa Bengal, Mir Jafar, akamtunuku zaidi ya pauni 200,000. Watumishi wengine nao waligeukia hati ya msamaha wa ushuru iliyokusudiwa bidhaa za Kampuni. Waliitumia kusafirishia chumvi, tumbaku na popoo zao wenyewe, ilhali mfanyabiashara wa Kibengali alilipa ushuru kamili katika kila kituo.

Mtawala aliyefuata, Mir Qasim, alilalamika bila mafanikio. Mwaka 1763 akafuta ushuru huo kwa watu wote. Ndugu msomaji, ungetazamia wapenda biashara washangilie. Badala yake walikasirika, kwa kuwa walichokuwa wakikitetea ni upendeleo wao. Vita vikazuka, Mir Qasim na washirika wake wakashindwa huko Buxar mwaka 1764, na mwaka uliofuata Kampuni ikapewa haki ya kukusanya kodi za Bengal. Njaa kuu ya 1769 hadi 1770 iliua mamilioni ya watu huku ukusanyaji wa kodi ukiendelea. Watumishi walirudi kwao matajiri. Kampuni yenyewe iliishiwa, na mwaka 1773 Bunge la Uingereza likaikopesha pauni milioni 1.4 pamoja na kuiwekea sheria ya kuidhibiti.

Gavana Cornwallis, aliyeanza kazi mwaka 1786, alipandisha mishahara na kuwatenga wasimamizi wa kodi na biashara. Ndipo ulipopata sura utumishi wa umma wa Kiingereza katika makoloni. Lakini dawa hiyo ilichanganywa na sumu: kufikia mwaka 1793 Wahindi walikuwa wamefungiwa vyeo vyote vya mshahara unaozidi pauni 500 kwa mwaka, kana kwamba wao ndio waliopora.

Nchi zetu zilirithi utumishi huo pamoja na swali lake. Tanzania ilijibu kwa Azimio la Arusha la mwaka 1967, lililowakataza viongozi kuwa na hisa katika makampuni, kupokea mishahara miwili au kupangisha nyumba. Kenya, kwa kufuata ripoti ya Tume ya Ndegwa ya mwaka 1971, iliwaruhusu watumishi wa umma kufanya biashara. Majibu hayo mawili bado yanajadiliwa mezani petu.

Historia ya Bengal haituambii tuwaogope watu wenye ari ya biashara. Karani wa awali hakuwa malaika, ila alihatarisha mali yake mwenyewe. Yule wa baadaye alihatarisha mali za wengine kwa kutumia muhuri wa ofisi. Kampuni inayomwajiri mjasiriamali na imlipe vya kutosha, iandike katika mkataba fungu lake la faida, kisha imnyime jambo moja tu: uwezo wa kuwafungia wengine mlango. Kwa serikali, sharti hilo lina uzito zaidi, kwa kuwa raia hana ofisi nyingine ya kukimbilia.