Mzee Anayeamka Mara Nne

Saa nane za usiku, katika ploti moja ya Witeithie, mzee anafungua mlango taratibu asiamshe wajukuu, kisha anamulika kwa tochi ya simu hadi choo cha nje. Hii ni mara ya nne. Mkojo unatoka kwa matone, unakatika, unaanza tena. Asubuhi hasemi kitu. Witeithie kwa Kikuyu ni "jisaidie", na wazee wengi waliolea familia kwa mawe ya machimbo ya Ndarugu wamelitii neno hilo kwa kunyamaza.

Ugonjwa mmoja unaoweza kumwamsha mzee hivyo, saratani ya tezi dume, una historia ndefu ya kuchelewa. Mwaka 1853, John Adams, daktari mpasuaji wa London, alieleza uvimbe wa tezi hiyo uliothibitishwa kwa darubini, akauita ugonjwa wa nadra sana. Watu wachache enzi hizo walifikia umri unaouleta. Mwaka 1904 Hugh Hampton Young wa Baltimore aliing'oa tezi nzima, lakini wagonjwa wengi walifika saratani ikiwa imeshatoka nje yake. Mwaka 1941, Charles Huggins wa Chicago alionyesha kwamba homoni ya kiume ndiyo inayoulisha ugonjwa: ukiondoa korodani, maumivu ya mifupa hupoa. Alipata tuzo ya Nobel mwaka 1966. Tiba yake hutuliza, haiponyi.

Kisha kikaja kipimo cha damu, PSA, ambacho Marekani ilikiidhinisha mwaka 1994 kisaidie kugundua ugonjwa kabla haujauma. Kina kasoro zake. PSA hupanda pia tezi ikikua kwa umri tu au ikipata maambukizi, na baadhi ya saratani za tezi hii hutambaa polepole kiasi kwamba upasuaji wake unaweza kumdhuru mtu bure. Utafiti mkubwa wa Ulaya ulionyesha mwaka 2009 kwamba upimaji ulipunguza vifo vya saratani hii kwa takriban asilimia 20. Hata hivyo, mwaka 2012 jopo la wataalamu wa Marekani liliushauri umma uachane nao. Mwaka 2018 likalegeza: mwanaume wa miaka 55 hadi 69 aamue pamoja na daktari wake.

Mwaka ule wa 2012, Kenya nayo ilipitisha Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti Saratani. Lakini katika kupima, naamini ubishi wa Marekani tusiuazime mzimamzima. Wao walihofia kupima kupita kiasi. Huku saratani hii inaongoza kwa wanaume, na wengi hugunduliwa imeshaingia mifupani. Mzee analalamikia mgongo, anaambiwa ni yale mawe aliyobeba. Akifika hospitali, mara nyingi anachopewa ni tiba ile ya 1941.

Hospitali ya Thika Level 5 iko mwendo wa matatu tu. Kinachomzuia mtu ni aibu ya kidole: daktari akiwa na glavu hupapasa tezi kupitia njia ya haja kubwa, kwa muda usiofika dakika moja, asikie kama ni laini au ina kigumu. Si kila mtu huificha: Askofu Mkuu Desmond Tutu wa Afrika Kusini, aliyegunduliwa kuwa na saratani hii mwaka 1997, aliutaja ugonjwa wake hadharani, akaishi hadi 2021.

Mwenye baba au ndugu wa kiume aliyeugua, hatari yake huongezeka takriban maradufu, na kwa mwanaume Mwafrika wataalamu wengi hushauri mazungumzo na daktari yaanze akiwa na miaka 45. Kifungua mimba wa mzee yule ana 46. Hajui kwamba baba yake huamka.