Ngome ya Mombasa na Walinzi Wake Waliosahauliwa

Mgeni anayeingia Fort Jesus hupita chini ya jiwe lenye maandishi ya Kireno. Ni majisifu ya Francisco de Seixas de Cabreira, kapteni wa ngome katika miaka ya 1630, kwamba aliijenga upya na kuitiisha pwani iliyokuwa imeasi. Wageni wachache huweza kuyasoma, lakini habari wanayosimuliwa wakishaingia ndani haiko mbali nayo: Wareno walijenga, Waomani wakateka, Waingereza wakafanya gereza, Kenya ikafanya makumbusho. Kila tendo katika simulizi hiyo linafanywa na mtu aliyefika kwa merikebu. Mombasa yenyewe inabaki kuwa kiwanja cha mapigano ya wengine, na watu wake hutajwa wanapouawa tu au wanapoasi. Simulizi hiyo si ya kweli, na ushahidi wa kuipinga hauhitaji kutafutwa mbali, kwa maana umo katika kumbukumbu za Wareno wenyewe.

Mwanzo wa ngome unajulikana. Baada ya Mturuki Ali Bey kuitikisa pwani mara mbili katika miaka ya 1580, Wareno waliona kwamba Mombasa isiyo na ngome haishikiki. Giovanni Battista Cairati, Mtaliano aliyemtumikia mfalme wa Uhispania na Ureno, akaichora, na kati ya 1593 na 1596 ikajengwa juu ya mwamba wa matumbawe kwenye mlango wa bandari. Mwaka 1631 Yusuf bin Hasan, mwana wa mfalme aliyelelewa na mapadri huko Goa, India, na kurejeshwa Mombasa kama mfalme Mkristo, alimuua kapteni ndani ya kuta hizo, akarudi kwenye Uislamu, akaitawala ngome hadi alipoondoka mwaka 1632. Huyo ndiye mwasi ambaye jiwe la langoni linajivunia kufuta athari zake. Kisa chake kimesimuliwa sana, nacho kinastahili. Kilichopuuzwa ni kisa cha miaka 65 baadaye, ambacho kinavuruga zaidi mgawanyo rahisi wa wenyeji na wageni.

Machi 1696 merikebu za Imamu Seif bin Sultan wa Oman zilifika, na mzingiro uliodumu miezi 33 ukaanza. Ndani ya ngome askari wa Ureno walikuwa wachache sana. Umati uliokimbilia humo ulikuwa wa watu wa pwani, wanaume, wanawake na watoto. Mwana Fatuma, malkia wa Unguja, alipeleka chakula, na baadaye akalipia urafiki huo kwa kuhamishiwa Maskati. Maradhi yakaua zaidi kuliko risasi. Kufikia mwisho wa Agosti 1697 kamanda António Mogo de Mello naye alikuwa amekufa, na ngome haikuwa na Mreno wa kuiongoza. Uongozi ukashikwa na Bwana Daud wa mji wa Faza. Pamoja naye walikuwa jamaa zake 17 hivi, wanaume Waafrika 8 na wanawake Waafrika wapatao 50. Watu hao ndio waliosimama kwenye buruji na kuwazuia Waomani kwa majuma kadhaa, mpaka merikebu za Wareno zilipowasili Septemba. Mojawapo, Santo António de Tanná, ilizama chini ya ngome mwezi uliofuata, na vitu vilivyoopolewa humo na wanaakiolojia katika miaka ya 1970 huoneshwa ndani ya makumbusho. Kwa hiyo mgeni huona mabaki ya chombo kilichokuja kuokoa, bila kuelezwa waliookolewa walikuwa nani.

Waandishi waliotangulia hawakukificha kisa hiki. Justus Strandes alikieleza katika kitabu chake cha 1899, na Charles Boxer na Carlos de Azevedo wakakirudia mwaka 1960. Tunawadai shukrani, kwa sababu bila uchambuzi wao wa nyaraka za Lisbon na Goa jina la Bwana Daud lingepotea. Hata hivyo, wote waliandika historia ya Wareno katika Afrika Mashariki, na katika historia ya namna hiyo majuma ya Bwana Daud huwa pengo kati ya kamanda aliyekufa na kamanda atakayekuja. Kipimo chao hakifai kwa mji wa Mombasa. Ngome ikilindwa na watu wa pwani peke yao, chini ya kiongozi wa pwani, dhidi ya jeshi la dola kubwa, hilo haliwezi kuwa pengo. Ni tukio linalotufichulia mamlaka ya Ureno ilisimama juu ya mabega ya nani muda wote.

Yapo mapingamizi mazito. La kwanza ni kwamba Bwana Daud aliwatetea wavamizi, na haifai tumsifu. Tena Faza yake iliteketezwa na Wareno mwaka 1587, watu wakauawa na minazi kukatwa kwa maelfu. Lakini pingamizi hili linadhania kwamba pwani ya karne ya 17 ilikuwa taifa moja lililopaswa kuwa na adui mmoja. Haikuwa hivyo. Faza na Pate walikuwa majirani mahasimu kwenye kisiwa kimoja; Pate ilipoegemea Oman, Faza ilikuwa na sababu zake za kuegemea upande wa pili. Methali ya tembo wapiganapo nyasi huumia haiwatoshi watu hawa, maana walichagua tembo wao, wakapima faida na hatari, na mara nyingine wakakosea. Kumtaja Bwana Daud si kumtawaza shujaa. Ni kukubali kwamba alikuwa mwanasiasa mwenye mji wa kuulinda. Kuhusu wale wanawake, inawezekana wengi walikuwa watumwa na hawakuchagua kuwamo. Hilo linaongeza deni letu kwao, kwani nyaraka zilihifadhi hesabu yao zikaacha majina.

Pingamizi la pili ni la macho: ramani ya jengo, pembe zake kali na handaki lake ni kazi ya Ulaya, basi tuiite kwa haki ngome ya Wareno. Mchoro ni wa Ulaya, sikatai. Lakini baada ya kuiteka mwaka 1698 Waomani waliinua kuta na kuongeza minara midogo. Nyumba ya Waomani imesimama juu ya buruji ya San Felipe. Na ukumbi wa Mazrui, ukoo uliotawala Mombasa baadaye, una maandishi ya Kiarabu yaliyochongwa. Hesabu ya miaka nayo iko wazi. Wareno walikaa karibu miaka 105, wakarudi mwaka 1728 kwa muda usiofika miaka miwili. Walioiondoa nguvu yao ya mwisho mwaka 1729 ni watu wa Mombasa wenyewe, walioinuka na kuwazingira mpaka wakasalimu amri mwezi Novemba, bila kusubiri merikebu za Oman. Kutoka 1698 hadi 1895, ukiondoa kurudi huko kwa Wareno, ngome ilikuwa makao ya watawala Waislamu wa pwani na Oman. Muda huo ni karibu mara mbili ya ule wa Wareno.

Yaliyofuata yanaelezeka haraka. Mazrui waliitawala Mombasa kutoka humo hadi Sultani Sayyid Said wa Oman alipoitwaa mwaka 1837. Waingereza waliipiga mizinga mwaka 1875, wakaigeuza gereza mwaka 1895, na wafungwa walikaa humo hadi 1958. Kisha mwanaakiolojia James Kirkman akaichimba, milango ikafunguliwa kwa umma kama makumbusho, na mwaka 2011 UNESCO ikaiingiza katika urithi wa dunia.

Heshima hiyo ya dunia imeihifadhi kama mfano bora wa ujenzi wa kijeshi wa Ureno. Ni sifa ya kweli, ila ni ya mchoraji na mawe. Watoto wa shule za Mombasa wanaopelekwa humo wanastahili pia kujua kwamba kuna majuma ambayo ngome kubwa kuliko zote pwani yao ilikuwa mikononi mwa mtu wa Faza na wanawake 50, nayo haikuanguka. Ilianguka Desemba 1698, ikiwa imerudi chini ya maafisa kutoka Goa. Jambo hilo liandikwe ukutani kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa kama za Seixas, ili kila apitaye langoni apate shahidi wa pili wa kumpima wa kwanza.