Kujiamini kwa wakuu wa shule mbele ya uwajibikaji kwa serikali (Babati Mjini)

Kujiamini kwa mkuu wa shule ni imani aliyonayo kwamba anaweza kuongoza walimu, kusimamia ufundishaji na kuwajibika kwa matokeo ya shule yake. Dhana hii ilijengwa na mwanasaikolojia Albert Bandura kuanzia 1977. Mwaka 2004 Megan Tschannen-Moran na Christopher Gareis wa Marekani waliiundia kipimo cha vipengele 18. Mjini Babati, makao makuu ya Mkoa wa Manyara, dhana hii inawahusu walimu wakuu wa msingi na wakuu wa sekondari walio chini ya Halmashauri ya Mji.

Matokeo na lawama

Katika mtihani wa kidato cha nne wa 2012, takriban watahiniwa 6 kati ya 10 nchini walipata daraja sifuri. Mwaka uliofuata ulikuja mpango wa serikali wa Matokeo Makubwa Sasa, uliozipanga shule kwa rangi: kijani, njano na nyekundu. Rangi nyekundu ilimwangukia mkuu wa shule hata pale darasa lilipokosa mwalimu wa Hisabati. Januari 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule bora kitaifa, hatua ya busara iliyochelewa.

Fedha

Elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, ruzuku ilianza kuingia moja kwa moja kwenye akaunti za shule. Kiwango kwa mwaka ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi na 25,000 kwa wa sekondari, sehemu yake ikibaki kwa ajili ya vitabu. Mwalimu mkuu aliyesomea kufundisha akajikuta mhasibu: anajaza vocha ya malipo, anaambatanisha stakabadhi na muhtasari wa kamati ya shule, kisha anabandika mapato na matumizi kwenye ubao wa matangazo. Hapa ndipo kujiamini kwa wengi huyumba, kwa kuwa hoja ya ukaguzi humfuata aliyetia saini.

Madaraka

Mkuu wa shule ya serikali haajiri wala hafukuzi mwalimu. Makosa makubwa ya nidhamu ya walimu yako mikononi mwa Tume ya Utumishi wa Walimu. Anadaiwa matokeo ya watu asiowachagua, na hili ndilo pengo kubwa la mfumo.

Mafunzo

Mafunzo ya uongozi wa shule hutolewa na Wakala wa Maendeleo ya Uongozi wa Elimu (ADEM), wenye makao Bagamoyo.

Hali ya sasa

Utendaji wa mkuu wa shule, kama wa watumishi wengine wa umma, hupimwa kwa mfumo wa kielektroniki wa PEPMIS, uliochukua nafasi ya OPRAS, mfumo wa awali wa kupima utendaji.