Ndege ikichelewa: nani hulipwa fidia kati ya Entebbe, Kigali na Ulaya?

Abiria wawili wanaondoka Entebbe usiku mmoja kuelekea Brussels. Wa kwanza amekata tiketi ya Brussels Airlines. Wa pili amekata tiketi ya Ethiopian Airlines, ambaye atabadilisha ndege Addis Ababa. Ndege zote mbili zinapata hitilafu ya kiufundi, na abiria wote wawili wanafika Brussels wakiwa wamechelewa kwa saa sita. Kwa mujibu wa sheria ya Umoja wa Ulaya, wa kwanza anastahili kulipwa euro 600. Wa pili, chini ya sheria hiyo hiyo, hastahili hata senti. Wiki tatu baadaye wanarejea nyumbani kwa mashirika yale yale, na mkasa ule ule unajirudia. Safari hii kila mmoja wao anastahili euro 600.

Mfano huo ni wa kubuni, lakini tofauti iliyomo ndani yake ni ya kweli, na ndiyo inayowachanganya wasafiri wa ukanda wa Maziwa Makuu. Wapo wanaodai wasichostahili na kurudi mikono mitupu. Wapo pia wanaostahili, lakini huondoka uwanjani na kuponi ya chakula wakidhani kwamba ndiyo fidia yenyewe.

Sheria inayohusika ni Kanuni namba 261 ya mwaka 2004, iliyoanza kutumika tarehe 17 Februari 2005. Inazihusu nchi zote 27 za Umoja wa Ulaya, pamoja na Norway, Iceland na Uswisi. Kanuni hiyo inamlinda kila abiria anayeondoka katika uwanja wa ndege wa nchi hizo, awe wa taifa lolote, na ndege iwe ya shirika la nchi yoyote. Kwa anayetoka nje kwenda Ulaya, kinga hiyo ipo tu iwapo ndege inaendeshwa na shirika lenye leseni ya Ulaya. Sababu yake si fumbo. Umoja wa Ulaya una mamlaka juu ya viwanja vyake na juu ya mashirika yake, lakini hauwezi kuliamuru shirika la Ethiopia au la Kenya namna ya kuwahudumia abiria katika uwanja wa Entebbe, Kigali au Bujumbura.

Hapa kuna mtego mdogo. Kinachotazamwa ni shirika linaloiendesha ndege, si lile lililouza tiketi. Mashirika huuziana nafasi, na tiketi inaweza kubeba namba ya shirika la Ulaya ilhali ndege na wafanyakazi wake ni wa shirika jingine. Jina la mwendeshaji huandikwa kwenye tiketi, mara nyingi kwa herufi ndogo chini ya namba ya safari, nalo linafaa kusomwa kabla ya kulipa.

Kiasi cha fidia hutegemea umbali, si bei ya tiketi. Safari isiyozidi kilomita 1,500 ni euro 250. Ya masafa ya kati ni euro 400. Na safari ya zaidi ya kilomita 3,500 kuingia au kutoka Umoja wa Ulaya ni euro 600. Kutoka Kigali au Entebbe hadi Brussels ni zaidi ya kilomita 6,000, kwa hiyo wasafiri wa huku wamo katika kundi la juu. Fidia ni ya kila abiria. Familia ya watu watano waliolipiwa tiketi, watoto wakiwemo, inaweza kudai euro 3,000, hata kama tiketi zilinunuliwa kwa bei ya punguzo iliyotangazwa kwa watu wote.

Ajabu ni kwamba maandishi ya kanuni yenyewe hayataji fidia ya kuchelewa. Yanataja safari iliyofutwa na abiria aliyenyimwa nafasi. Ni Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, katika kesi ya Sturgeon dhidi ya shirika la Condor iliyoamuliwa Novemba 2009, iliyosema kwamba anayefika akiwa amechelewa saa tatu au zaidi hupoteza muda sawa na yule ambaye safari yake imefutwa, hivyo naye alipwe. Mashirika ya ndege yaliipinga hukumu hiyo, na mwaka 2012 mahakama ikaithibitisha. Saa hizo huhesabiwa wakati wa kufika. Na kufika, kwa mujibu wa hukumu ya mwaka 2014, si kugusa ardhi kwa magurudumu, bali kufunguliwa kwa mlango wa kwanza ambao abiria wanaruhusiwa kutokea. Katika safari ndefu, ucheleweshaji wa kati ya saa tatu na nne unaweza kupunguza fidia hadi nusu yake, yaani euro 300.

Shirika linaweza kukwepa kulipa kwa njia moja: kuthibitisha kwamba chanzo kilikuwa hali isiyo ya kawaida ambayo lisingeweza kuiepuka hata kwa kuchukua hatua zote za busara. Dhoruba, kufungwa kwa anga, mgomo wa waongozaji wa ndege, au ndege wa porini kuigonga injini, vyote huweza kuhesabiwa humo. Hitilafu ya kiufundi ya kawaida haimo. Hilo liliamuliwa mwaka 2008, kwa hoja kwamba kuharibika kwa mitambo ni sehemu ya kazi ya kurusha ndege. Mgomo wa marubani wa shirika lenyewe haumo pia. Mwaka 2023 mahakama hiyo ilikwenda mbali zaidi. Rubani msaidizi wa shirika la TAP la Ureno alikutwa amefariki hotelini, saa chache kabla ya safari ya kutoka Stuttgart kwenda Lisbon, na safari ikafutwa. Msiba mzito, lakini majaji walisema kwamba ugonjwa au kifo cha mfanyakazi ni jambo ambalo mwajiri wa marubani anapaswa kulipangia, na abiria wakalipwe. Kwa hiyo maneno “sababu za kiuendeshaji” yanayosikika kwenye vipaza sauti hayamalizi mjadala. Mzigo wa kuthibitisha uko mabegani mwa shirika.

Huduma uwanjani ni haki tofauti na fidia, na haina kisingizio. Ndege ya masafa marefu inayotazamiwa kuchelewa kuondoka kwa saa nne inalipa jukumu shirika kutoa chakula na vinywaji, na kumwezesha abiria kuwasiliana na jamaa zake. Ikibidi kulala, hoteli na usafiri wa kwenda huko ni juu ya shirika. Wakati volkano ya Eyjafjallajökull huko Iceland ilipofunga anga ya Ulaya mwaka 2010, hakuna aliyelipwa fidia ya usumbufu, lakini mahakama iliamua baadaye kwamba gharama za chakula na malazi zilipaswa kubebwa na mashirika bila ukomo wa siku. Shirika lisipotoa chochote, abiria ajinunulie kwa kiasi kinachofaa na atunze risiti. Ucheleweshaji ukifika saa tano, anaweza kuamua kutosafiri na kurejeshewa nauli.

Safari ikifutwa, shirika linapaswa kumpa abiria uchaguzi: arudishiwe nauli au apelekwe aendako kwa njia nyingine. Fidia huongezwa juu ya hayo iwapo taarifa ilitolewa chini ya siku 14 kabla ya safari, isipokuwa pale safari mbadala inapokaribiana sana na saa za awali. Na fidia ni fedha. Vocha ya safari nyingine inakubalika tu kwa sahihi ya abiria mwenyewe.

Kwa wasafiri wa Afrika Mashariki kuna suala jingine ambalo Mzungu mwenye pasipoti ya Ulaya hulikuta kwa nadra: kuzuiwa kupanda ndege kwa sababu ya karatasi. Kanuni inasema kwamba asiye na hati zinazofaa za kusafiria hana fidia. Je, ikiwa hati zilikuwa sahihi, na aliyekosea ni mfanyakazi wa shirika? Raia mmoja wa Kazakhstan alizuiwa hivyo huko Larnaca, Cyprus, akielekea Bucharest. Mwezi Aprili 2020 mahakama iliamua kwamba neno la shirika pekee halitoshi kumvua abiria kinga yake. Jaji ndiye atakayepima kama sababu za kumzuia zilikuwa za haki. Anayekutwa na hali hiyo Entebbe au Kigali, akiwa na tiketi ya shirika la Ulaya, aombe sababu ya kuzuiwa kwa maandishi na apige picha viza yake na pasi ya kupandia ndege, kama amekwisha kupewa. Bila ushahidi huo, dai linabaki neno lake dhidi ya neno la kaunta.

Safari za kuunganisha zina kanuni yake: tiketi zikiwa zimekatwa pamoja, huhesabiwa kuwa safari moja. Ndiyo maana abiria wa pili katika mfano wa mwanzo analindwa wakati wa kurudi, hata kama kilichoharibika ni kipande cha Addis Ababa hadi Entebbe, ambacho hakigusi Ulaya kabisa. Mwaka 2018 mahakama iliamua hivyo kuhusu abiria aliyetoka Berlin kwenda Agadir na kukosa nafasi Casablanca. Aliyenunua vipande viwili kwa tiketi mbili tofauti ili kupunguza gharama hana kinga hiyo.

Je, aliyetoka Entebbe na shirika lisilo la Ulaya hana lolote? Anao Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, ambao Uganda, Rwanda, Kenya, Tanzania na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ni miongoni mwa wanachama wake. Mkataba huo hautoi kiasi maalumu. Abiria lazima aonyeshe hasara halisi: usiku wa hoteli, tiketi mpya, mshahara wa siku. Shirika nalo linaweza kujitetea kwamba lilifanya kila lililowezekana. Ukomo wake, tangu tarehe 28 Desemba 2024, ni vipimo 6,303 vya SDR, fedha ya hesabu ya Shirika la Fedha Duniani, sawa na zaidi ya dola 8,000 za Marekani. Kesi hufunguliwa ndani ya miaka miwili, na inaweza kufunguliwa mahali safari inapoishia; kwa tiketi ya kwenda na kurudi, mahali hapo ni nyumbani. Kwa begi lililochelewa, malalamiko ya maandishi yatolewe ndani ya siku 21 tangu lilipokabidhiwa.

Anayedai chini ya sheria ya Ulaya huanza kwa kuliandikia shirika lenyewe, akitaja namba ya safari, tarehe, saa aliyofika na Kanuni 261. Hatua hiyo haina gharama. Likikataa au kunyamaza, yapo mamlaka ya kila nchi na, mwishowe, mahakama. Muda wa kudai hutofautiana: Ujerumani ni miaka mitatu, Ufaransa mitano, Uholanzi miwili. Kampuni zinazojitangaza mtandaoni kuwadai abiria fedha zao hufanya kazi hiyo hiyo, lakini hukata sehemu kubwa ya kinachopatikana. Uingereza, baada ya kujitoa katika Umoja wa Ulaya, ilibaki na sheria inayofanana. Huko safari ndefu hulipwa pauni 520.

Sheria hii yenyewe iko mezani. Juni 2025 mawaziri wa usafiri wa Umoja wa Ulaya walikubaliana kupendekeza kwamba katika safari ndefu fidia ianze baada ya saa sita badala ya tatu, na iwe euro 500 badala ya 600. Mashirika ya ndege yalikuwa yameomba mabadiliko kwa miaka mingi, yakisema gharama ni kubwa mno. Bunge la Ulaya, ambalo nalo lazima likubali, limesimama upande wa saa tatu.