Duara juu ya Duara



Kutoka vilima vya Masisi hadi misitu ya Walikale, usiku usio na mawingu hutuonyesha sayari ya Mirihi, nyekundu kama kaa la moto. Tukiifuata kwa miezi mingi, twaona ajabu: husonga mbele kati ya nyota, husimama, hurudi nyuma, kisha huendelea na safari yake. Jambo hilo hurudia kila baada ya miezi 26 hivi.

Yapata mwaka 150, Claudius Ptolemaeus wa Aleksandria, Misri, alilieleza. Ndiye ambaye kitabu chake cha jiografia kinataja Milima ya Mwezi, ambayo wengi hudhani ni Ruwenzori ya hapa kwetu Kivu ya Kaskazini. Alifundisha kwamba dunia imetulia, na sayari huzunguka katika duara dogo, ambalo kitovu chake nacho huzunguka katika duara kubwa. Mtoto azunguke ua usiku huku akizungusha kijinga cha moto mkononi: asimamaye katikati ataona moto ule mara ukienda, mara ukirudi.

Haikuwa kazi ya kuchekwa. Ilitabiri mahali pa sayari vizuri vya kutosha, ikatumika kwa zaidi ya miaka 1300. Hata Nicolaus Copernicus, kanoni wa kanisa kuu la Frombork, Polandi, alipoliweka jua katikati katika kitabu chake cha mwaka 1543, alibakiza maduara madogo. Wote waliamini kwamba mwendo wa mbinguni hauna budi kuwa wa duara kamili.

Ndipo Johannes Kepler alipolinganisha duara lake na vipimo vya Tycho Brahe, vilivyopimwa kwa macho bila darubini. Tofauti ilikuwa dakika 8 za nyuzi, karibu robo ya upana wa mwezi tuuonao. Angeweza kunyamaza. Aliitupa kazi ya miaka, na mwaka 1609 akatangaza kwamba njia ya Mirihi ni duaradufu, mfano wa duara lililobanwa.

Nasi tunayo maduara tuyapendayo. Jirani wa kabila jingine tumekwisha kumhukumu. Likija jambo linalomtetea, twaongeza maelezo juu ya maelezo ili hukumu isiguswe. Katika kikundi chenu ulizaneni: ni jambo gani dogo, lakini la kweli, tulilolikataa kwa kuwa linaharibu duara letu?